Miezi 13 ya Tumbo Joto

Kutoka mlango wa darasa la 6B hadi choo cha walimu kulikuwa na hatua 94. Nilizihesabu kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, siku niliyoacha somo la Kiswahili katikati na kumwambia kiranja awanyamazishe wenzake, na tangu hapo nikawa nazihesabu kila nilipopita, kama mtu anayepima kiwanja anachotaka kukinunua. Nilijua panapoteleza mvua ikinyesha. Nilijua saa ambazo ufunguo hukaa mfukoni mwa mwalimu wa zamu. Nilijua pia kwamba tumbo likininyonga nikiwa ubaoni nina dakika mbili, pengine tatu, kabla sijaaibika mbele ya watoto 61. Naanza na hatua hizo kwa sababu ndizo zilizonila kuliko maumivu yenyewe: hesabu isiyokwisha kichwani, kuanzia ninapofumbua macho hadi ninapoyafumba.

Niliugua UVIKO-19 katikati ya Agosti 2021, wiki mbili hivi baada ya chanjo kuzinduliwa Dar es Salaam tarehe 28 Julai, kabla mimi sijaenda kuchanja. Nyumbani kwetu Morogoro tulifanya kama walivyofanya wengi. Tulijifukiza kwa mchaichai na majani ya mwarobaini chini ya blanketi, tukanywa tangawizi na ndimu hadi midomo ikachubuka, na mume wangu akahamia sebuleni akawa ananiwekea chakula mlangoni. Homa ilikaa siku 9. Harufu ya vitu ilipotea, kisha ikarudi, na kikohozi kikakatika kabla ya Septemba kufika katikati. Kuharisha kulikoanza siku ya 3 ndiko hakukuondoka. Kulipungua, kukawa na siku zake, na siku ambazo sikuharisha kulikuwa na gesi, msokoto chini ya kitovu, na kichefuchefu cha asubuhi kilichowafanya wanawake wa mtaani kutabasamu wakidhani nina mimba.

Katika miezi 5 ya mwanzo nilitibiwa maradhi matatu ambayo kila mtu wa huku anayajua kwa majina: taifodi, amiba na vidonda vya tumbo. Zahanati moja ilinipima Widal, ikasema nina taifodi, nikameza antibayotiki siku 7. Duka la dawa likanipa metronidazoli kwa ajili ya amiba bila mtu kupima choo, na ulimi ukawa na ladha ya chuma wiki nzima. Kisha ikaja omeprazoli, ambayo niliitumia miezi 2. Siwalaumu sana walionitibu, kwa kuwa maradhi hayo yapo na yanaua watu. Ila sasa najua kwamba kipimo cha Widal kikitegemewa peke yake hupotosha mara nyingi, maana kinatafuta kingamwili ambazo mtu anaweza kuwa nazo tangu zamani, na kwamba antibayotiki isiyohitajika huzidi kulivuruga tumbo ambalo tayari limevurugika.

Januari 2022 nilifanyiwa endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni hadi tumboni. Kabla yake nilikuwa nimepimwa damu, choo, kisukari, tezi ya shingo na VVU, na nimepigwa ultrasaundi mara mbili. Jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu kwa muda mrefu ni kwamba usiku wa kuamkia kipimo hicho niliomba dua wakute kidonda. Niliomba kwa machozi, kwa sababu kidonda kina jina na kina dawa, na mtu mwenye kidonda hapepesi macho anapoulizwa anaumwa nini. Nilikaa mbele ya daktari na bahasha magotini. Akasoma, akazirudisha karatasi ndani, akasema, "Mwalimu, huna ugonjwa. Vipimo vyote viko safi. Punguza mawazo."

Nilitoka pale nimeinama. Mgonjwa anayeambiwa hana ugonjwa hubaki na mambo mawili tu ya kuamini, ama kwamba daktari amekosea, ama kwamba yeye mwenyewe ni mwongo, na mimi niliyaamini yote mawili kwa zamu, la kwanza mchana na la pili usiku. Miaka imepita na bado nalifikiria lile neno la daktari. Lilikuwa na ukweli ndani yake: mawazo nilikuwa nayo, tena mengi. Kosa ni kwamba alilitumia kufungia faili. Angeniuliza ni mawazo gani, yalianza lini na yananizuia nini, pengine ningeokoa miezi 8 na mambo mengine mawili ambayo siwezi kuyarudisha yote.

La kwanza ni jirani yangu. Vipimo vilipokosa kuonyesha kitu, watu walianza kuniuliza swali ambalo huku kwetu huulizwa kwa sauti ya chini: "Kwani kabla hujaugua ulikula wapi?" Nikakumbuka kwamba mwanzoni mwa ule mwezi wa Agosti nilikula pilau kwenye hitima ya mama wa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Nilikuwa na cheti cha kipimo cha UVIKO-19 ndani ya kabati, nilijua kabisa siku homa ilipoanza, lakini kichwa kilichokosa maelezo hujitafutia maelezo, na dada mmoja wa familia alipotamka kwamba nimelishwa kitu, sikumkatalia. Ramadhani ya mwaka 2022 jirani yangu aliniletea futari kama alivyofanya miaka yote, sahani ya magimbi ya nazi iliyofunikwa kwa kawa jekundu la ukili. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaenda nayo nyuma ya nyumba nikawamwagia kuku. Nilifanya hivyo mara nne. Ile sahani niliisugua kwa mchanga na sabuni kabla ya kuirudisha, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kutoka.

Funga yenyewe, kwa upande mwingine, ilikuwa nafuu kubwa, na nafuu hiyo ilipaswa kunishtua. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hakuna aliyeniuliza kwa nini sili, na mimi sikuwa na hofu ya kitu kuingia tumboni. Sikukuu ilipofika nilihuzunika. Nikaendelea kula mlo mmoja kwa siku, wali mweupe na chai ya rangi, nikapungua hadi sketi za kazini zikafungwa kwa pini.

La pili ni shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka 4. Alifariki Korogwe mwezi Juni 2022. Simu iliingia saa 11 alfajiri, na saa 1 asubuhi nilikuwa stendi ya Msamvu na kanga mbili, begi dogo na tiketi mkononi. Nilimuuliza kondakta gari litasimama wapi watu wachimbe dawa. Akanijibu, bila ubaya wowote, "Chalinze, mama, halafu labda Mkata." Nilisimama kwenye mlango wa basi nikiwa nimeshika chuma cha kupandia. Mikono ilitoa jasho, tumbo likaanza kuunguruma, na nikaona barabara nzima ya kutoka Chalinze hadi Segera kama uwanja usio na hata kichaka. Nikamwambia mume wangu apande. Mimi nikaenda choo cha stendi, nikalipa shilingi 300, nikakaa humo hadi niliposikia basi linapiga honi na kuondoka. Shangazi alizikwa baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimelala sakafuni nyumbani, tumbo limetulia kabisa, haliumi hata kidogo.

Kutulia huko ndiko kulikonitisha. Ikiwa tumbo linaweza kunyamaza mara tu basi linapoondoka, basi yule daktari alisema kweli, mimi ni mwongo, na nimemsusa marehemu kwa uongo. Wiki zilizofuata sikulala zaidi ya saa 3 kwa usiku. Niliacha kusahihisha madaftari. Ndani ya nyumba kukawa na ukimya, maana mume wangu hakujua aseme nini na mimi sikutaka aseme kitu.

Septemba 2022 mwalimu mwenzangu alinipeleka kwa daktari mwingine, kijana wa kike, kwenye kituo cha afya ambacho sikukitarajia makubwa. Alianza kwa kuuliza maswali ya kawaida, tena kwa makini kuliko wote waliomtangulia. Kuna damu kwenye choo? Unaamshwa usiku na kuharisha? Kuna homa, upungufu wa damu, kuna mtu katika ukoo aliyepata saratani ya utumbo? Alinipima uzito, akataka kujua kilo zilipungua kwa sababu nalala njaa kwa hiari au kwa sababu nakula na bado nakonda. Aliponiona nimeshangaa alinieleza kwamba hizo ni dalili za hatari, na kwamba hawezi kuzungumza nami jambo lingine lolote kabla hajajiridhisha nazo. Baada ya hapo akaweka kalamu chini na kuniuliza, "Mwalimu, tangu uanze kuumwa, ni kitu gani ulichokuwa unakifanya ambacho umekiacha?"

Sikuweza kujibu. Nililia hadi muuguzi akafunga mlango.

Alinisomea maswali 9 ambayo hospitali nyingi duniani hutumia kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nami nikajibu kila moja kama ni kamwe, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku, kwa wiki 2 zilizopita. Usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona umeshindwa. Swali la 9 linauliza kama umewahi kuwaza kwamba ingekuwa afadhali ungekufa. Nilinyamaza. Yeye naye alinyamaza, akasubiri, na kusubiri kwake kulikuwa heshima kubwa kuliko maneno. Nikamjibu kwamba ndiyo, siku kadhaa, kwamba sina nia ya kujidhuru ila nimechoka. Akaniuliza zaidi kuhusu hilo, polepole, hadi akaridhika, akaandika namba ya simu ya kituo, na akamwomba mume wangu aingie. Nilipata alama 16 kati ya 27.

Kisha akanieleza tumbo langu. Kwamba kirusi cha UVIKO-19 huingia kwenye seli kupitia kipokezi kiitwacho ACE2, na kipokezi hicho kimejaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ndiyo maana wagonjwa wengi waliharisha tangu siku za mwanzo na masalia ya kirusi yalipatikana kwenye choo hata baada ya pua na koo kuwa safi. Kwamba jambo hili halikuanza na UVIKO-19: tangu zamani inajulikana kwamba baada ya maambukizi ya utumbo, yawe ya bakteria, vimelea au virusi, karibu mtu 1 kati ya 10 hubaki na tumbo lisilotulia, hali ambayo madaktari huifupisha kwa herufi IBS. Vigezo vyake vilivyotolewa mwaka 2016 vinataka maumivu ya angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, dalili ziwe zimeanza walau miezi 6 nyuma, na maumivu yaendane na walau mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya kwenda choo, na kubadilika kwa umbo la choo. Alihesabu nami kwa vidole. Nilikuwa na vyote. Nilikuwa na jina.

"Lakini vipimo viko safi," nilimwambia. Akanijibu kwa mfano wa mlinzi wa mtaa ambaye usiku mmoja alivamiwa na majambazi. Majambazi walishaondoka na ukuta umeshajengwa upya, ukipiga picha nyumba huoni ufa, lakini mlinzi sasa hupuliza filimbi hata panzi akiruka. Ndani ya ukuta wa utumbo kuna zaidi ya seli za neva milioni 100, na neva kubwa inayounganisha tumbo na ubongo ina nyuzi nyingi zaidi zinazopeleka habari juu kuliko zinazoleta amri chini. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali ambayo wengi wanaisikia ikitajwa kwenye habari za sonona, hutengenezwa tumboni. Kwa hiyo filimbi ikipulizwa tumboni, kichwa hupata hofu, na kichwa kikiwa na hofu, mlinzi huongeza macho. Akaniambia pia, bila kunihukumu, kwamba walio katika hatari zaidi ya kubaki na hali hii ni wanawake, walioumwa sana, waliotumia antibayotiki, na waliokuwa tayari na wasiwasi au huzuni wakati wa kuambukizwa. Mwaka ule nilikuwa nimezika wenzangu wawili wa chumba cha walimu.

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili," alisema. "Mtu anayesubiri matokeo ya mtihani tunasema ana nini?" Nikasema, tumbo joto. Nimelifundisha neno hilo miaka 14, nimeliandika ubaoni pamoja na nahau nyingine za viungo vya mwili, na sikuwahi kufikiri kwamba walioliunda walikuwa wameona kitu cha kweli. Nilipokuwa pale Msamvu nimeshika chuma cha basi, sikudanganya. Hofu ilikuwa ya kweli na tumbo lilikuwa la kweli, na kutulia kwake baadaye kulikuwa kazi ya neva zilezile.

Matibabu yalichukua muda, na mengine niliyakataa kwanza. Alipendekeza amitriptilini miligramu 10 usiku. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba ni ya sonona, na mama yangu aliposikia alisema binti yake si kichaa. Dawa ilikaa kabatini wiki 3. Daktari hakugombana nami. Alinieleza kwamba kiwango hicho ni kidogo sana kuliko kinachotibu sonona, kwamba kinatuliza neva za maumivu na kupunguza kasi ya utumbo, na kwamba ningeweza kupata kinywa kikavu na usingizi mzito wa asubuhi, jambo ambalo lilitokea kweli. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa Uingereza uliofanywa kwa wagonjwa 463 wa IBS, ambao ulionyesha kwamba dawa hiyo kwa kiwango kidogo iliwasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Mama yangu nilimsomea mwenyewe, sentensi kwa sentensi.

Kuhusu chakula, tuliondoa kwa wiki 6 maharage, kunde, vitunguu, vitunguu saumu, maziwa na vyote vya ngano, kisha tukarudisha kimoja baada ya kingine, kwa mpango uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia. Naomba sana hatua ya kurudisha isirukwe. Nimeona wagonjwa waliobaki kwenye kuondoa, wanaishi kwa wali na chumvi, na kila chakula kipya kwao ni adui. Mimi niligundua kwamba chapati moja hainidhuru, ila kachumbari na maharage mengi hunilipua.

Kilichonitoa hasa ni mnasihi, muuguzi mwenye umri wa kunizaa, niliyekutana naye mara 7. Alinifundisha kupumua kwa tumbo, mkono mmoja kifuani na mwingine kitovuni, dakika 10 asubuhi na 10 usiku, hadi mkono wa chini ndio uwe unainuka. Akanitaka niache kuhesabu hatua. Nilidhani ni jambo dogo, kumbe lilikuwa gumu kuliko kumeza dawa; siku ya kwanza nilifika choo cha walimu nikiwa nimeimba kimoyomoyo ili namba zisije. Kisha akanipangia safari: kwanza daladala hadi Msamvu na kurudi, kisha Mikese, kisha Chalinze, na kila safari niandike hofu yangu kabla, katikati na baada. Kwenye safari ya Mikese tumbo liliuma kweli. Nilishuka, nikaomba choo kwenye nyumba ya watu, mama mwenye nyumba akanipa ndoo ya maji na kuniuliza kama nitakunywa chai. Jambo nililoliogopa mwaka mzima lilitokea, likaisha, na nikapanda gari lililofuata.

Korogwe nilifika Februari 2023. Nilikaa kaburini kwa shangazi tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali, nikamsimulia yote kwa sauti.

Sijapona kama watu wanavyolielewa neno kupona. Nina siku mbaya mbili au tatu kwa mwezi, zaidi wakati wa mitihani. Lakini tangu nilipoyasimulia haya kwenye chumba cha walimu wamenijia faragha watu 4, mmoja wao mwanamume dereva wa lori aliyekuwa akiendesha na ndoo nyuma ya kiti, na wote walianza kwa maneno yaleyale: vipimo vyangu viko safi. Huwa nawauliza kwanza zile dalili za hatari, nawarudisha hospitali wakiwa na hata moja. Baada ya hapo nawauliza wameacha kufanya nini, na huacha dakika zipite.

Jirani yangu nilimwomba radhi Novemba 2022, uani kwake, akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza kuhusu hitima, kuhusu niliyoyaamini, kuhusu kuku. Vidole vyake havikuacha kutembea juu ya mchele. Alipomaliza ungo ule alisema, "Mimi nilidhani unaumwa sana hata kula huwezi, mwalimu. Nikawa nakuombea kila swala." Hatukusema zaidi siku ile, na kwa muda mrefu sahani haikuja.

Ramadhani ya mwaka 2024, siku ya 3, mtoto wake aligonga mlango magharibi ikiingia. Alikuwa na sinia lililofunikwa kwa kawa lilelile jekundu, limeanza kufumuka ukingoni. Chini yake palikuwa na sahani ya magimbi ya nazi, na kando, kwenye bakuli lake peke yake, kunde. "Mama amesema kunde ameziweka mbali," mtoto alisema, "utachanganya mwenyewe kadiri unavyoweza." Nilifungua swaumu kwa tende na maji, nikakaa mkekani na mume wangu, nikala magimbi yote, na kunde vijiko viwili.